Mwalimu wetu wa ustawi wa jamii ataka ubunge. Kuna aliyepita njia hii?

Binti wa Mtongwe

Asalaam aleikum wana baraza, na hamjambo nyote.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa ustawi wa jamii, hapa hapa Mombasa. Chuo sitakitaja. Wiki jana mwalimu wetu wa sera za jamii alimaliza kipindi, akafuta ubao, akatugeukia na kutuambia kwamba muhula huu ndio wake wa mwisho. Anaacha kazi, anagombea ubunge 2027. Nusu ya darasa walipiga vigelegele. Sisi wengine tukabaki na kalamu mkononi.

Niwaeleze ni mtu wa namna gani. Ndiye aliyetufundisha kwamba ukienda nyumba ya mtu hukai mpaka ukaribishwe, na ukikaribishwa mkekani huombi kiti. Ripoti yangu ya kwanza ya mazoezi alinirudishia mara tatu. Nilikuwa nimeandika kwamba mama mmoja "hana ushirikiano". Pembeni akaniandikia kwa wino mwekundu: "Ulifika saa ngapi? Alikuwa amekula?" Nilifika saa saba mchana. Hakuwa amekula, wala watoto wake, na mimi nilimkuta akiwasha moto nikamtolea fomu ya kurasa nne. Basi mtu huyo sasa ataka kupanda juu ya gari lenye spika.

Ameniomba niingie timu yake. Sijamjibu. Mamangu asema siasa itamtafuna na mimi nitatafunwa naye.

Swali langu: kuna mtu yeyote aliyefundisha kazi hii chuoni, akaenda bungeni, na ikaonekana huko kwamba alitoka huku kwetu? Sitaki jina peke yake. Nataka kujua alifanya nini alipofika, na njiani alipoteza nini.

Kapungu wa Feri

Mwambie atayarishe fulana, leso, na unga wa kilo mbili mbili. Hizo sera atazifundisha akishaapishwa.

Wakili wa Barazani

Kapungu, kila mada lazima utie chumvi?

Dada, mimi nitajibu lile dogo, la karatasi. Kama mwalimu wako analipwa na chuo cha umma, yeye ni mtumishi wa umma, na Sheria ya Uchaguzi kifungu cha 43 yamtaka ajiuzulu angalau miezi sita kabla ya kura. Uchaguzi ni Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, kwa hivyo ni tarehe 10 Agosti 2027. Rudi nyuma miezi sita, ni mwanzoni mwa Februari. Asingoje siku ya mwisho. Apeleke barua mapema, na nakala igongwe muhuri wa kupokelewa, kwa sababu barua isiyo na muhuri wapinzani huipenda sana. Kama chuo ni cha binafsi hilo halimhusu.

Akitaka kusimama bila chama, Katiba yamtaka asiwe mwanachama wa chama chochote kwa miezi mitatu kabla ya uchaguzi, na apate wapigakura 1,000 waliosajiliwa katika eneo lake la kumuunga mkono. Elfu moja ni wengi kuliko wanavyosikika. Nimeona mtu mwenye jina mtaa mzima akakwama, kwa sababu waliomshangilia kura zao ziko kwao bara.

Baba Saumu

Waalaikumu ssalaam binti. Kwanza kamshukuru mwalimu wako kwa ule wino mwekundu. Mie nimeifanya kazi hii miaka 31, kisiwani na ng'ambo ya Likoni, nikastaafu 2012, na sikupata mkubwa hata mmoja wa kuniuliza kama mtu niliyemwandika vibaya alikuwa amekula.

Umtakaye yuko, na alifika mbali kupita ubunge. Watu humjua kwa cheo chake cha mwisho: Clement Attlee, waziri mkuu wa Uingereza kutoka 1945 hadi 1951. Ya mwanzo wake hayasemwi sana, na ndiyo yanayokuhusu.

Alizaliwa 1883 huko Putney, London, nyumba yenye nafasi, baba wakili. Akasoma Oxford, akawa wakili na yeye. Mwaka 1905 akaenda jioni moja kutazama klabu ya vijana wa Stepney, mashariki ya London, ambayo shule yake ya zamani ilikuwa ikiifadhili. Alikwenda kutazama tu. Akarudi wiki ya pili, na ya tatu, na 1907 akawa ndiye msimamizi, akahamia kuishi huko huko. Mashariki ya London siku hizo ni gati na maghala, na vibarua wa kutwa wanaosimama langoni alfajiri kungoja kunyooshewa kidole: wewe ingia, wewe rudi kwenu. Ukitaka kuiona picha hiyo huna haja ya kwenda London. Babangu alisimama lango la Kilindini miaka na miaka hivyo hivyo, na siku asiponyooshewa kidole hakurudi nyumbani moja kwa moja, alizunguka kwanza Mwembe Tayari ili asituone tukimtazama mikono.

Kuna kisa husimuliwa juu ya Attlee. Alikuwa akitembea mtaani, akaandamana na kitoto cha kike. Kikamuuliza, waenda wapi? Akasema, naenda nyumbani kunywa chai. Kitoto kikamwambia: mimi naenda nyumbani kuona kama iko chai.

Mie nimekunywa chai ya "kunywa" na nimekunywa chai ya "kuona kama iko", na nakwambia hazifanani hata rangi.

Akaanza kujihusisha na siasa. 1909 akagombea udiwani wa Stepney na akashindwa. Mweleze mwalimu wako hilo kabla hajachapisha mabango. Mwaka huo huo akaajiriwa na kampeni ya Beatrice Webb, kazi yake kupanga mihadhara ya kutaka ile Sheria ya Maskini ivunjwe. Hiyo ilikuwa sheria ya karne na karne: ukiishiwa, msaada wako ni kuingia nyumba ya kazi, mume huku, mke kule, watoto kwingine, na kuingia kwenyewe kumefanywa kuwe aibu ili usije. 1911 serikali ikapitisha bima ya kwanza ya ugonjwa na ya kukosa kazi, na Attlee akachukuliwa kuzunguka akiwaeleza watu sheria mpya maana yake nini. Hebu fikiria kazi hiyo. Umesimama mbele ya watu waliochoka, una karatasi ya serikali mkononi, na wao wataka kujua jambo moja tu: nitakatwa ngapi?

Ndipo, kabla ya Vita vya Kwanza, chuo cha LSE kule London kikatangaza kazi ya kufundisha ustawi wa jamii. Waliomba wengi, na mmoja wao alikuwa Hugh Dalton, msomi kweli kweli wa uchumi. Attlee akapewa yeye, kwa sababu alikuwa ameishi Stepney na kuyajua maisha ya watu kwa macho yake. Dunia ni duara: 1945 Attlee alipounda serikali, waziri wake wa fedha alikuwa Dalton yule yule.

Akaenda vitani, Gallipoli na Iraki, akajeruhiwa, akarudi kufundisha. 1919 akawa meya wa Stepney, na wenye nyumba waliokuwa wakichukua kodi bila kuziba hata tundu la paa akawaandikia amri za kisheria wazitengeneze. 1920 akatoa kitabu kuhusu mfanyakazi wa jamii na kazi yake. 1922 akaingia bungeni kwa kiti cha Limehouse, gati kwa gati. Ya katikati nayaruka, ni siasa za chama, 1935 akawa kiongozi wa chama chake, Leba.

Basi sikiliza 1948. Tarehe 5 Julai mwaka ule huduma ya afya ya taifa ilianza, daktari na hospitali bila kulipa mlangoni. Siku hiyo hiyo ikaanza kazi bima mpya ya taifa, na sheria mpya ya msaada, ambayo maneno yake ya kwanza kabisa yaliifuta Sheria ya Maskini. Ile ile aliyoipangia mihadhara 1909. Miaka 39, binti. Alianza kijana asiyepata kura, akamaliza na upara.

Wako wanaosema hizo ni kazi za Bevan, waziri wake wa afya, na Beveridge, aliyeandika mpango wa bima, yeye alikaa kichwani mwa meza tu. Ni kweli Aneurin Bevan ndiye aliyepigana na madaktari. Lakini serikali hiyo ilikuwa imejaa watu wenye sauti kubwa, na aliyewakalisha meza moja ni huyu mtu mfupi wa maneno, aliyejibu swali kwa "ndiyo" pale wengine wangetoa hotuba. Hilo nalo ni la kazi yetu. Hujawahi kukaa kwenye kikao cha familia inayogombania mtoto? Mwenye kazi ni yule asiyepiga kelele.

Nitasema moja langu, halafu nikaswali magharibi.

Mwaka wa mwisho kabla sijastaafu, ofisi moja ilinituma kuhakiki orodha ya wazee wa kupewa pesa. Siku hizo umri peke yake hautoshi, ilikuwa lazima uthibitishe ufukara. Nikaenda nyumba ya bibi mmoja, Likoni. Chumba kimoja, kitanda cha mwakisu, ndoo, jiko. Nikaandika. Kichwani pa kitanda palikuwa na kasha la mbao, na juu ya kasha vumbi, na katikati ya vumbi mstatili safi, urefu wa mkono wangu. Redio ilikuwa pale asubuhi ile. Alikuwa ameipeleka kwa jirani ili mie nisiione. Nikamtazama, akanitazama. Nje, ukuta wa pili, nasikia redio yasoma habari.

Uingereza ya miaka ya 1930 ilikuwa hivyo. Kutoka 1931 mtu asiye na kazi aliletewa mkaguzi nyumbani, kuangalia kuna kiti gani cha kuuza, na mtoto gani anapata mshahara ili msaada wa baba upunguzwe. Watu walihamisha viti usiku kwenda kwa jirani. Uchungu wa mambo hayo ndio uliowapa Leba kura za 1945. Ndiyo maana bima yao ilitaka uwe umechangia, basi. Umechangia, umeumwa, hii haki yako. Hakuna wa kuja kuangalia vumbi.

Mie niliandika "hana redio". Kama ofisi yanisoma, nimeshastaafu.

Mama Rukia, Kongowea

Baba Saumu, umenikumbusha redio ya nyanyangu, Mola amrehemu, aliifunika kwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi.

Mimi nina wa pili. Huyu nilimjua kwa kazi, maana miaka sita nilikuwa Baltimore, Marekani, nikiwahudumia wazee katika nyumba ya kuwatunza. Mji wa bandari kama wetu. Barbara Mikulski, binti wa duka la vyakula, wazee wa ukoo wake Wapolandi. Kazi yake ustawi wa jamii, shahada ya pili alipata Chuo Kikuu cha Maryland 1965, na baadaye kidogo akafundisha sosiolojia chuo cha Loyola huko huko. Kilichompeleka kwenye siasa ni barabara. Serikali ilitaka kupitisha barabara kuu ya njia 16 katikati ya Fells Point, mtaa wa zamani kando ya maji. Wakina mama wakakataa, yeye mbele. Barabara haikupita, na yeye 1971 akaingia baraza la mji, 1977 Bunge la wawakilishi, 1987 Seneti, akakaa mpaka 2017. Mfupi huyo, akisimama nyuma ya meza ya hotuba humwoni bila kijukwaa.

Sasa kitu nilichokishika mimi kwa mikono yangu. Kule mzee akilazwa nyumba ya kutunzwa gharama haishikiki. Zamani serikali haikusaidia mpaka mali ya mume na mke yote imalizike. Yaani mzee amelala na ugonjwa wa kusahau, na bibi aliyebaki nyumbani anamalizwa akiba mpaka naye awe maskini. Babake Mikulski alishikwa na ugonjwa huo huo, akayaona kwa karibu. 1988 sheria ikabadilishwa kwa jitihada zake, mke au mume aliyebaki nyumbani abakiziwe kiasi cha akiba na mapato.

Nilikuwa na kikongwe mmoja, kila Jumapili mkewe aja na kikapu, amevaa kofia, amepaka rangi ya midomo. Humletea mumewe keki ambayo mzee hajui tena ni nini. Mimi nikifikiri, huyu mama apata wapi pesa ya basi na keki? Mfanyakazi wa jamii wa pale ndiye aliyenieleza: ni ile sheria. Kwangu mimi sheria ni ile keki.

Binti wa Mtongwe

Nimesoma, na hata wachokozi wawili wa darasani kwetu wamenyamaza, maana niliwasomea haya kwa sauti kwenye simu tukingoja feri.

Baba Saumu, umenipa alichofanya. Lakini nusu ya swali langu bado. Alipoteza nini?

Baba Saumu

Nilidhani utasahau.

Sawa. Turudi 1948 hiyo hiyo. Mwisho wa Juni, wiki moja kabla ya ile 5 Julai, makuli wa London walikuwa wamegoma. Kisa chake mzigo wa zinki, unga mweupe mchafu unaoingia puani na machoni. Wachache walitaka walipwe zaidi kuubeba, wakaadhibiwa, wenzao wakatupa ndoana chini. Serikali ikatangaza hali ya hatari. Attlee mwenyewe akaingia redioni jioni kuwasihi, akawaambia kwamba mgomo huu hauwaumizi matajiri, unawaumiza wenzenu. Askari walikuwa wameshaingia gatini kupakua chakula. Si mara ya kwanza: Oktoba 1945, hajamaliza miezi mitatu ofisini, askari waliingia gatini. Na 1949 tena, hali ya hatari tena. Ni vibarua wale wale wa Limehouse, na watoto wao ndio waliokuwa kwenye ile klabu.

Hoja yake ilikuwepo, sitamdhulumu. Nchi ilitoka vitani, chakula kwa kadi, meli ikikaa wiki moja na nyama inaoza kuna mtu hali. Kwenye kiti kile ukitazama, unaona chakula cha watu milioni. Kuli mmoja mwenye unga puani hapo haonekani.

Sasa njoo kwetu. Tarehe 13 Januari 1947 Mombasa ilisimama. Makuli wa Kilindini, watu wa reli, wapishi na mayaya wa majumba ya Wazungu, wahudumu wa mahoteli, watu kama 15,000. Mshahara haununui kitu, nyumba hakuna, kibarua hajui kesho. Wakikutana kila siku uwanja waliouita Kiembeni. Babangu alikuwa kijana, na mpaka anakufa akisema "Kiembeni" kama wengine wasemavyo "Arafa". Alisema jambo lililomshangaza ni ukimya. Winchi hazilii. Alikuwa hajawahi kusikia Kilindini bila winchi, akawa hapati usingizi.

Kiongozi wao alikuwa Chege Kibachia. Aliyekuja kuzungumza nao warudi kazini alikuwa Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria tangu 1944, na huyo naye, angalia, alikuwa mwalimu kwanza. Walirudi baada ya siku kama 12 hivi, na tume iliyoundwa ikawaongeza mshahara kidogo. Agosti, Kibachia akakamatwa, akapelekwa kuzuiliwa Kabarnet huko Baringo, akakaa kama miaka kumi. Aliyetawala Kenya ni gavana Philip Mitchell. Aliyekuwa juu ya gavana ni serikali ya London, na waziri mkuu wake ni yule mwalimu wa ustawi wa jamii.

Nimekaa na jambo hili muda mrefu. Babangu na kuli wa Limehouse wamebeba gunia moja. Attlee aliishi na mmoja miaka kumi na kitu, akajua jina lake na la watoto wake. Wa pili alikuwa kwake mstari katika taarifa ya koloni. Sidhani alikuwa mtu mbaya, wala sidhani alisahau alikotoka. Alikumbuka watu aliokuwa amekunywa chai yao. Wa Mombasa hakunywa chai yao.

Kwa hivyo alichopoteza ni mguu. Kazi yetu hufanywa kwa mguu, na mbunge hupewa gari.

Kapungu wa Feri

Mzee leo umenichapa bila bakora. Marehemu babu yangu naye alikuwa Kilindini, ila yeye alikuwa karani wa kuhesabu magunia, na sisi kwetu mgomo wa 47 haukutajwa. Nimemuuliza mamangu sasa hivi. Ameniambia nyamaza ule.

Binti, kwa hivyo waingia timu ama huingii?

Wakili wa Barazani

Na barua ya kujiuzulu, tafadhali. Muhuri.

Binti wa Mtongwe

Nimerudi. Samahani kwa kuchelewa, tulikuwa na mitihani.

Nilimwendea mwalimu ofisini na haya yote. Ya Attlee alikuwa anayajua mpaka kwenye bima. Ya zinki hakuyajua. Ya Kiembeni aliyajua nusu, kwa sababu ni mzaliwa wa Changamwe na kwao pia kuna mzee aliyekuwa reli. Nikamuuliza moja kwa moja: makuli wakigoma na wewe uko bungeni, na serikali ni ya chama chako, utakuwa wapi? Alikaa kimya muda mrefu, hata mtu akabisha hodi na kuondoka. Halafu akasema: "Sijui, na hilo ndilo swali la kwanza tangu nitangaze ambalo si la pesa." Jibu lenyewe halikunitosheleza. Lakini hakunidanganya.

Nimekubali kwa masharti. Barua iandikwe Januari (Wakili, muhuri umezingatiwa), na mimi sibebi bango wala sigawi unga. Kazi yangu ni kuandika ripoti ya kila nyumba tunayoingia, kama ile ya mazoezi.

Jumamosi tumeanza. Tulipangiwa nyumba kumi na mbili mtaa mmoja wa juu ya Mtongwe, yeye, mimi, na vijana wawili wenye fulana ambazo, Kapungu, ndiyo, zimeshachapishwa. Nyumba ya tatu mama alitufungulia mlango nusu, anajibu kwa ndiyo na la, macho yako jikoni. Tulipotoka kijana mmoja akasema huyo si wetu, mfute. Mwalimu naye akawa anatafuta kalamu.

Nikamuonyesha saa. Ilikuwa saa saba na robo.

Tukaketi chini ya mwembe mpaka saa kumi, tukala viazi karai, halafu tukarudi. Mlango ulifunguliwa wote.